Barua ya wazi kwa wasimamizi wa miradi ya programu huria: maelekezo ya kujenga programu yawekwe mlangoni

Kwa wasimamizi wa miradi ya programu huria,
mlioko Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Kampala na kokote kwingine mnakosoma Kiswahili.

YAH: KUWEKA MAELEKEZO YA KUJENGA PROGRAMU MAHALI YANAPOONEKANA

Ndugu wasimamizi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, ninakofundisha kompyuta kikundi cha vijana nyakati za jioni. Wengine wako chuo, wengine wamemaliza kidato cha sita na wanasubiri. Wanajua Python au Java kiasi cha kutosha, na wamechoka kuandika programu za kukokotoa alama za mtihani ambazo hakuna atakayezitumia. Wanataka kuingia kwenye miradi ya kweli ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Ninyi nanyi hamwishi kutangaza kwamba mnatafuta wachangiaji wapya. Kati yenu na wao kuna kikwazo ambacho kukiondoa kuko ndani ya uwezo wenu: mtu akifungua ripo yenu, yaani hifadhi ya mafaili ya mradi, kwa mara ya kwanza haoni jinsi ya kuijenga programu, yaani kuugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa, wala haambiwi itamgharimu nini.

Sisemi kwamba maelekezo hayapo. Karibu kila mradi unaojiheshimu unayo. Shida ni yalipo. Kuna mradi mmoja, siutaji, ambao README yake, faili la utangulizi linaloonekana ukifungua ripo, inaanza na nembo, zikifuata beji za rangi, picha za skrini, kisha shukrani kwa wafadhili. Chini kabisa kuna kiungo cha nyaraka. Ukikibofya unatua kwenye mwongozo wa mtumiaji wa kawaida, anayetaka kusakinisha na kuendelea na shughuli zake. Mwongozo wa msanidi uko kwenye wiki. Wiki inasema habari hizo zimehamia tovuti mpya. Tovuti mpya inakufungulia ukurasa wa toleo ambalo halitunzwi tena. Mwisho wa safari maelekezo unayapata, na yameandikwa vizuri tu, ila aliyeyaweka huko aliyaweka kwa ajili ya watu ambao tayari wanajua yalipo.

Naelewa inavyotokea. Mradi unaanza na watu wawili watatu wanaojuana, na maelekezo yako vichwani mwao. Mmoja anaandika faili la INSTALL. Miaka inapita, mwingine anaongeza HACKING, mwingine BUILDING, mwingine anafungua folda ya docs na kuweka humo kurasa za wasanidi. Hakuna anayefuta cha mwenzake. Mgeni anakuta majina manne, hajui lipi ni la leo, na kwa heshima anaanza na la kwanza kwa alfabeti.

Mtasema mnayo CONTRIBUTING, faili la mwongozo kwa wachangiaji. Ni vyema, na GitHub, tovuti inayohifadhi ripo za miradi mingi, hulitambua faili hilo likiwa kwenye mzizi wa ripo, ndani ya docs au ndani ya .github, kisha huonyesha kiungo chake mtu anapofungua suala (issue) au anapoleta ombi la kuingiza mabadiliko. Lakini angalieni wakati linapojitokeza. Mtu anayeleta mabadiliko amekwishajenga programu, amekwishaijaribu, amekwishavuka mto. Anayehitaji msaada ni yule ambaye bado hajafika hata kwenye amri ya kwanza, na huyo anachoona ni README. Hapo ndipo maneno yanapotakiwa kuwa, au angalau kiungo kimoja kinachoeleweka, juu, kabla ya orodha ya wafadhili.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linauma zaidi huku kuliko kwenye ofisi yenye intaneti ya nyaya. Mkongo wa Taifa umefika Kigoma, ndiyo, lakini kati ya mkongo na laptopu ya kijana kuna bando la simu. Kila jaribio lililoenda njia isiyo sahihi ni fedha iliyoliwa. Amri ya git clone, inayopakua ripo nzima, ikikatika katikati haiendelei ilipoishia. Inaanza upya kabisa. Mtandao ukiyumba ikiwa asilimia 90, kilichopakuliwa kimepotea na bando limepungua. Kijana wa hapa hawezi kurudia mara tatu ili aone itakuwaje. Atajaribu mara moja, labda mbili, kisha atarudi kwenye programu yake ya alama za mtihani.

Dawa ziko ndani ya git yenyewe, zana inayotunza msimbo na historia yake, na ninyi mnazijua kuliko mimi. Kuna --depth 1, inayoleta hali ya sasa bila historia yote. Kuna --filter=blob:none, inayoleta historia lakini ikaacha yaliyomo kwenye mafaili ya zamani mpaka yahitajike. Kuna git bundle, inayofunga ripo nzima kuwa faili moja ambalo mtu mmoja analipakua mahali penye mtandao mzuri, analiweka kwenye flashi, na wenzake wote wanakloni kutoka kwenye faili hilo bila kutumia hata megabaiti moja. Sisi tunaitumia sana hiyo ya mwisho. Sijaona README hata moja inayoitaja.

Na msiishie kuitaja --depth 1; ijaribuni. Wengine mmeandika skripti ya kujenga inayosoma namba ya toleo kwa git describe. Kwenye ripo iliyokloniwa bila historia lebo za matoleo hazipo, skripti inaanguka, na ujumbe unaotoka hausemi neno lolote kuhusu historia. Hali ni hiyohiyo kwa wanaopakua ZIP kwa sababu wanaona ni nyepesi. ZIP ya GitHub haileti ripo ndogo zilizounganishwa ndani ya ripo kuu, kwa hiyo folda zinakuwa tupu, na mjenzi anaambiwa faili fulani halipo. Mstari mmoja tu kwenye README, "usitumie ZIP, kloni kwa --recurse-submodules", ungeokoa jioni nzima ya mtu.

Pale Kibirizi, zinakotia nanga boti za vijiji vya mwambao, mpiga debe anataja kituo na nauli ukiwa bado umesimama mchangani. Hakuna anayetajiwa nauli boti ikiwa katikati ya ziwa. Hilo ndilo ninaloomba kuhusu uzito wa kazi: mtu aambiwe gigabaiti za kupakua, nafasi ya diski, RAM na muda, kabla hajabonyeza chochote.

Wakubwa wanafanya hivyo, na nawasifu. Maelekezo ya kivinjari cha Chromium kwa Linux yanaanza na mahitaji ya mashine: nafasi ya angalau GB 100 kwenye diski, RAM ya angalau GB 8, na yanasisitiza kwamba zaidi ya GB 16 ni bora sana. Ya Android yanataka GB 400 za diski na RAM ya GB 64. Kwa mashine tulizonazo hayo ni mambo ya kusimuliana tu. Lakini kijana akiyasoma anaelewa mara moja kwamba mradi huo haumfai kwa sasa, anahamia mwingine, na bando lake liko salama. Kumwambia mtu ukweli unaomzuia ni kumheshimu pia. Mradi unaonikera ni ule mdogo unaojiita mwepesi, ambao ukianza kuujenga unashusha vitegemezi, yaani programu nyingine unazozihitaji, saa nzima bila kuwa umeonya popote.

Firefox wameenda mbele zaidi. Amri yao ya ./mach bootstrap inakuuliza unataka kujenga kwa namna gani, na mojawapo ya majibu ni kutumia sehemu za C++ ambazo wao wamekwishazijenga kwenye mashine zao. Anayetaka kurekebisha kitufe au menyu hana sababu ya kukompaili injini nzima ya kivinjari. Anapakua kilichokwisha kujengwa na anashughulika na JavaScript yake. Kwa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchangia na kutochangia. Si kila mradi unaweza kufanya hivyo, lakini mingi yenye sehemu ya mbele na sehemu ya seva inaweza kabisa kumwambia mgeni: ukitaka kugusa sehemu ya mbele, huhitaji kujenga seva, elekeza kwenye seva yetu ya majaribio.

Kuhusu RAM nina neno la ziada. Maelekezo mengi yanasema andika make -j, amri ya kujenga kwa kuendesha kazi nyingi kwa pamoja, bila namba. Kwenye mashine ya GB 4 amri hiyo inafungua kazi nyingi kadiri inavyoweza, RAM inajaa, mfumo unaanza kuua programu, na kompaila ya C++ inatoa ujumbe wa "Killed signal terminated program cc1plus". Mgeni anayeuona ujumbe huo kwa mara ya kwanza anadhani msimbo wenu umevunjika, au yeye hafai kazi hii. Ninja, zana nyingine ya kujenga, nayo hupanga kazi zake kwa kuhesabu viini vya prosesa, wala haiangalii RAM. Andikeni: mashine yenye RAM ndogo itumie -j2, na ukiuona ujumbe huu maana yake kumbukumbu imekwisha. Kadhalika ule wa "openssl/ssl.h: No such file or directory", ambao kwenye Debian na Ubuntu maana yake hujasakinisha libssl-dev. Mnayajua majibu haya kwa kichwa, maana mmeyajibu tena na tena. Yawekeni chini ya amri zenyewe, pamoja na ujumbe ule neno kwa neno, ili anayeutafuta kwenye Google aangukie kwenu badala ya kuangukia jibu la mtu fulani la miaka kumi na mitano iliyopita.

Google ndiyo mlango wa pili, na wengi wenu mmeusahau. Ukurasa unaoitwa "Kuanza" haumsaidii mtu anayetafuta namna ya kujenga kutoka kwenye msimbo. Kichwa cha ukurasa kiseme kilichomo. Ukurasa ukihamishwa, anwani ya zamani ielekeze kwenye mpya, isiachwe ikifa. Kurasa za matoleo ya zamani ziwe na tangazo juu lenye kiungo cha ukurasa wa sasa. Na kwa wanaotumia Read the Docs, huduma ya kuweka nyaraka mtandaoni: kuna "stable" na kuna "latest". Ya kwanza inafuata toleo lililotolewa, ya pili inafuata tawi kuu, yaani msimbo unaoendelea kuandikwa. Mgeni anakloni tawi kuu, kisha anasoma "stable" kwa sababu ndiyo Google iliyomletea, na anafuata kwa uaminifu maelekezo ya msimbo mwingine. Ukurasa wa kujenga uelekeze "latest" siku zote, au uwe ndani ya ripo.

Mimi napendelea uwe ndani ya ripo. Anayebadilisha jinsi ya kujenga abadilishe na maelezo katika badiliko lilelile, na anayelipitia akatae kama maelezo hayakuguswa. Linux ina faili la Documentation/process/changes.rst linaloorodhesha toleo la chini la kila zana inayohitajika, kuanzia GCC, na liko ndani ya mti uleule wa msimbo. Wiki nayo hainiingii akilini kwa kazi hii. Wiki ni ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu. Tena mna mitambo ya majaribio ya kiotomatiki inayojenga programu kila badiliko linapoingia. Mbona mitambo hiyo inatumia skripti yake ya siri, na mgeni anapewa amri nyingine? Amri za README ziwe ndizo zinazoendeshwa na mitambo, kwenye mashine tupu. Zikivunjika, mtajua siku hiyohiyo, kabla ya mtu wa Kasulu kujua.

Wapo watakaosema: mbona kila kitu ni Kiingereza, kwanza mtafsiri. Kwa hili sikubaliani na baadhi ya wenzangu. Maelekezo ya Kiswahili yaliyopitwa na wakati yanapoteza watu kuliko ya Kiingereza yaliyo hai. Vijana wetu wanaisoma amri na maelezo mafupi bila taabu. Kinachowashinda ni kuupata ukurasa. Tafsiri ije baadaye, na ikija iwe na tarehe.

Na nikigusa tafsiri, kuna kitu kimenishughulisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kwa hiyo Waswahili tumo kwenye programu huria kwa zaidi ya miaka ishirini. Tumeingia zaidi kwa mlango gani? Wa tafsiri. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba mlango ule ulirahisishwa. LibreOffice hutumia Weblate, Mozilla hutumia Pontoon: unafungua kivinjari, unaona sentensi, unaandika ya kwako, unatuma. Hakuna cha kujenga. Mlango wa msimbo umebaki na ngazi zilezile za giza, halafu tunaulizana kwenye makongamano kwa nini Waafrika wanatumia programu huria bila kuiandika.

Jambo hili si la nje tu. Takwimu za vituo vya afya nchini hupita kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, nayo inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Mifumo hii ina watumiaji mpaka Kibondo na Kakonko, na watu walio karibu na matatizo yake wako huku. Kijana anayemsikia dada yake muuguzi akilalamikia fomu fulani angeweza siku moja kuirekebisha mwenyewe, au kurekebisha programu ndogo inayoizunguka. Safari hiyo inaanza na kuijenga programu kwenye laptopu yake.

Vilevile kuna nafasi za mafunzo kwa malipo, kama Outreachy, ambazo mwombaji hawezi kuzipata bila kwanza kutoa mchango kwenye mradi ndani ya muda wa maombi. Muda huo ni uleule kwa kila mtu, lakini yule aliye jirani na mtu anayeujua mradi anajenga siku ya kwanza, na wa kwetu anatumia wiki ya kwanza kutafuta ukurasa.

Najua mtakalojibu: sisi tunajitolea, hatulipwi, muda hatuna. Ni kweli, na sikuandika barua hii kuwadai. Lakini hesabuni mara ambazo mmejibu swali lilelile kwa mwezi mmoja, tena mara nyingine kwa ukali, "soma nyaraka kwanza". Jibu hilo linaudhi zaidi pale aliyeuliza alipozitafuta nyaraka jioni nzima. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ndiye pekee anayeona kilichokosekana kwenye maelekezo yenu, maana ninyi mashine zenu zina kila kitu tangu zamani. Akileta rekebisho la mistari miwili kwenye README, lipokeeni haraka. Nimeona marekebisho ya namna hiyo yakikaa miezi bila kuguswa, huku yale ya kubadilisha rangi ya nembo yakipita siku hiyohiyo.

Ninachokiona akilini ni sehemu fupi, chini tu ya aya inayoeleza mradi ni wa nini. Inasema mfumo uliojaribiwa ni upi. Kama ni Ubuntu peke yake, isemwe, ili mwenye Windows ajue atahitaji WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Inataja uzito wa kupakua na nafasi ya diski. Kisha amri zenyewe, zinazonakilika, kutoka kukloni mpaka kuona programu ikiwaka, pamoja na picha ya kinachotakiwa kuonekana. Kisha amri moja ya kushusha vitegemezi vyote mapema, iwe cargo fetch au mvn dependency:go-offline au yoyote ya lugha yenu, ili mtu amalize kazi ya mtandao akiwa mjini na aendelee nyumbani bila bando. Mwishoni, mahali pa kuuliza ukikwama. Mwongozo wa wasanidi wa Python unaanza na rejea ya haraka yenye amri chache, na maelezo marefu yanafuata kwa anayeyataka. Utaratibu huo unatosha kabisa.

Sisi huku tunajitolea kuwa wajaribuji. Tuna laptopu za zamani, RAM ndogo, Windows na Ubuntu, na mtandao unaokatika. Mazingira ambayo hamwezi kuyaigiza ofisini. Mradi wowote ukishaandika sehemu hiyo, ufungue suala kwenye ripo yake linaloomba majaribio, kwa Kiswahili au Kiingereza. Tutafuata maelekezo kama yalivyo, neno kwa neno, bila kubahatisha, na tutakapokwama tutawaandikia amri ya mwisho tuliyoiendesha, ujumbe uliotoka, na gigabaiti zilizokuwa zimekwisha tumika.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa kompyuta,
Mwanga, Kigoma